Kadi za Zamani za Beisiboli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mitindo Inayopendwa

Tangu nianze kukusanya kadi hizi, ndugu, marafiki na Waswahili wenzangu tunaokutana nao Marekani huniuliza maswali yaleyale. Nimeyapanga hapa, kuanzia ya anayeanza hadi ya aliyekwisha kunasa. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Kadi ya beisiboli ni nini, na kwa nini ilitengenezwa?

Ni kipande cha karatasi ngumu. Mbele kuna picha ya mchezaji, nyuma kuna tangazo, takwimu au maelezo mafupi ya maisha yake. Mwanzoni haikuuzwa yenyewe, ilikuwa kishawishi cha kuuzia kitu kingine. Miaka ya 1880 kampuni za sigara za Marekani zilitia kadi ndani ya pakiti ili pakiti isipondeke na mvutaji arudi kutafuta kadi nyingine. Baada ya sigara zikaja peremende, kisha chingamu.

Kampuni ya Topps ya Brooklyn, iliyokuja kutawala kadi za miaka ya 1950, ndiyo iliyotoa chingamu ya Bazooka mwaka 1947. Wengi wetu tuliokulia Tanzania jina hilo tulilitafuna utotoni kama bazoka, bila kujua habari za kadi wala za beisiboli.

Kadi ya "zamani" inaishia mwaka gani?

Wengi huweka mpaka kwenye 1980. Mwaka 1981 kampuni za Fleer na Donruss ziliingia sokoni kushindana na Topps, na miaka iliyofuata kadi zilichapwa kwa wingi mno hata nyingi hazina thamani hadi leo. Ndani ya kadi za zamani kuna mgawanyo mwingine mkubwa: za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na za baada yake. Wako wakusanyaji ambao hawagusi kadi yoyote iliyotoka baada ya 1941.

Mkisema "mtindo" wa kadi mna maana gani?

Kwa Mswahili ni rahisi kueleza: iangalie kadi kama unavyoiangalia kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kadi nayo ina pindo linalozunguka, ina mji ambao ni picha ya mchezaji, na ina jina lake na la timu yake, mara nyingi chini. Mtindo ni namna vitu hivyo vitatu vilivyopangwa, na zaidi ya yote ni namna ule mji ulivyotengenezwa.

Picha za kadi za zamani zilitengenezwa kwa njia nne hivi. Kuna picha halisi ya kamera iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu. Kuna litografia, yaani rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine kutokana na picha iliyochorwa upya kwa mkono. Kuna mchoro wa rangi wa msanii. Mwisho kuna picha ya rangi ya kamera iliyochapwa kiwandani. Mwulize mkusanyaji ni ipi kati ya hizo inayomgusa, na utakuwa umeshajua nusu ya kadi alizo nazo nyumbani.

Herufi na namba kama T206, E90 na N172 zinatoka wapi?

Kwa Jefferson Burdick, mkusanyaji wa jimbo la New York aliyeorodhesha kadi za Marekani kabla mtu mwingine hajaona haja hiyo. N ni tumbaku ya karne ya 19, T ni tumbaku ya karne ya 20, E ni peremende na chingamu za mwanzo, R ni za kuanzia miaka ya 1930, W ni kadi za ukanda, zilizouzwa zikiwa zimeungana. Alifariki mwaka 1963. Mkusanyiko wake, zaidi ya vipande 300,000, aliupa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na uko huko hadi leo.

## Kabla ya vita

Old Judge na Allen & Ginter ni za wakati mmoja. Kwa nini wapenzi wake ni tofauti?

Kwa sababu ya ule mji. Old Judge (N172), iliyoanza kutoka miaka ya 1886 na 1887, ni picha halisi ya kamera, rangi ya kahawia, iliyobandikwa. Mchezaji alipigwa picha studio, na mpira uliofungwa uzi ukaning'inizwa mbele yake ili aonekane anaudaka. Kwenye kadi nyingi uzi unaonekana waziwazi. Anayeipenda Old Judge anapenda mtu aliyekuwepo kweli mbele ya kamera, na pozi lake la kulazimishwa.

Allen & Ginter (N28) ya 1887, kutoka Richmond, Virginia, ni litografia ya rangi nyingi kwenye msingi mweupe. Kadi zake ni 50, ila za beisiboli ni 10 tu, nyingine ni za mabondia, wapiga makasia, walenga shabaha na kadhalika. Hii ni ya wapenda usanii. Shida ya Old Judge ni kufifia: kuna kadi ambazo sura imebaki kivuli tu, na hizo bei yake hushuka sana hata kama pembe ni kali.

Kwa nini T206 inapendwa kuliko zote?

Ilitoka kati ya 1909 na 1911 kwenye sigara za American Tobacco Company. Kadi ni ndogo, sm 3.7 kwa 6.7 hivi, unaweza kuifunika kwa vidole viwili. Pindo ni jeupe, jina ni herufi ndogo za kahawia chini. Mji wake ndio unaoroga watu: uso umechorwa upya kutokana na picha ya kamera, na nyuma ya mchezaji kuna anga ambalo halikuwahi kuwepo, la machungwa linaloingia kwenye njano, au samawati inayoishia kwenye kijani cha nyasi. Ninayo moja ya mrushaji ambaye hakuna anayemkumbuka leo. Pembe zimeviringika kama sabuni iliyotumika, lakini jua linazama nyuma ya bega lake kila ninapoitoa.

Halafu ni seti kubwa, zaidi ya kadi 520. Wenyewe wanaiita kwa jina lenye maana ya zimwi, maana huwezi kuimaliza bila kuwa na fedha za kutisha. Lakini kadi za wachezaji wa kawaida ni nyingi sokoni na si ghali kama watu wanavyodhani. Mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuwa nazo kumi au ishirini, akaridhika kabisa.

Ndani ya T206 kwenyewe kuna kambi. Wengine hutaka nyuso tu, wengine humtaka mchezaji mzima akiwa na gongo. Ty Cobb ana picha nne: uso kwenye msingi mwekundu, uso kwenye msingi wa kijani, gongo begani na gongo lisilo begani. Ya kijani ni adimu kuliko nyekundu na wengi huipa nafasi ya kwanza. Mimi naichagua ya kijani bila kufikiri mara mbili. Ile nyekundu ni nzuri, lakini inapiga kelele.

Na ile ya Honus Wagner?

Ni kadi ya T206 iliyosimamishwa mapema, ndiyo maana zilizobaki ni chache mno. Sababu inabishaniwa: wako wanaosema Wagner hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate picha yake, na wako wanaosema alitaka alipwe. Agosti 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Kwa mtindo haina tofauti na T206 nyingine za nyuso. Watu hununua uadimu na kisa chake. Kuna Wagner moja maarufu zaidi, nimeieleza kwenye swali la kadi zilizokatwa kingo.

Kuna watu wanakusanya nyuma ya kadi?

Wapo, na si wachache. Nyuma ya T206 kuna matangazo ya sigara 16 tofauti. Piedmont na Sweet Caporal zimejaa. Drum na Uzit ni za kutafuta kwa tochi. Picha ileile ya mchezaji yuleyule inaweza kuwa na bei mara nyingi zaidi kwa sababu ya tangazo la nyuma tu. Ukinunua T206 bila kuigeuza, umenunua nusu ya kadi.

Cracker Jack: ya 1914 au ya 1915?

Inategemea unapenda uhaba au usafi. Cracker Jack ni bisi zilizopakwa sukari na karanga, na kadi za 1914 ziliwekwa ndani ya boksi pamoja na bisi zenyewe. Matokeo yake ni madoa. Zilikuwa 144. Mwaka 1915 zikawa 176, na safari hii mtu aliweza kuagiza seti nzima kwa posta, kwa hiyo nyingi zilifika safi. Ukitaka kuzitofautisha, geuza: maandishi ya nyuma ya 1915 yamekaa kichwa chini.

Mtindo ni mmoja kwa miaka yote miwili: mchezaji amekatwa akawekwa kwenye msingi mwekundu mtupu. Hakuna uwanja wala anga. Wekundu ule ukiwa haujapauka, kadi inaonekana kama imechapwa juzi.

Goudey ya 1933 ina nini cha pekee?

Hii ndiyo kadi iliyoleta chingamu mbele. Ilitolewa na Goudey Gum Company ya Boston, kadi 240, karibu mraba, zenye michoro ya rangi bapa na nzito: njano tupu, kijani tupu, nyekundu tupu. Babe Ruth yupo kwenye kadi nne. Ile ya msingi wa njano, namba 53, ndiyo inayopigiwa kelele zaidi.

Namba 106 haikutolewa mwaka huo. Watoto walinunua chingamu wakisaka kadi isiyokuwepo. Wanaolalamika walitumiwa kadi ya Nap Lajoie, mchezaji aliyekwisha kustaafu zamani, iliyochapwa 1934. Leo ni miongoni mwa kadi adimu kabisa.

## Baada ya vita

Bowman au Topps?

Hizi ni kampuni mbili za chingamu zilizoshindana kwa kadi. Kwa wapenda mchoro, Bowman ya 1950 na 1951. Ni ndogo, imetulia, na haina makelele mengi kwenye pindo. Topps iliingia kwa kishindo mwaka 1952 na kadi kubwa zaidi, sm 6.7 kwa 9.5, yenye jina kwenye kibao kilichozungukwa na nyota, saini ya mchezaji na nembo ya timu, huku nyuma kuna takwimu. Msanifu wake mkuu, Sy Berger, aliipanga kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake Brooklyn. Mfumo ule ndio kadi nyingi zinaufuata hadi leo. Mwaka 1956 Topps iliinunua Bowman, na ushindani ukaisha kwa miaka mingi.

Kadi ya kwanza ya Mickey Mantle ni Bowman ya 1951. Mbona Topps ya 1952 ndiyo ghali?

Kwanza ni mtindo. Ile ya 1951 ni nzuri lakini ndogo. Ya 1952 inampa kijana yule nafasi ya kupumua: anga la samawati, gongo la njano begani, macho yanatazama mbali. Ukiiweka mita tatu kutoka ulipo bado unamtambua.

Pili ni kisa. Kadi za mwisho za seti ile, namba 311 hadi 407, zilitoka msimu wa beisiboli ukielekea kuisha na hazikununuliwa. Kwa masimulizi ya Berger mwenyewe, zilizobaki zilipakiwa kwenye tishari mwaka 1960 na kutoswa Bahari ya Atlantiki. Mantle ni namba 311. Cha ajabu ni kwamba si adimu kuliko jirani zake. Namba 311, 312 na 313 zilichapwa mara mbili ya zile nyingine za mwisho. Agosti 2022 moja iliyo katika hali ya kushangaza iliuzwa dola milioni 12.6.

Mwaka 1953 Topps walichora, Bowman wakapiga picha. Nani alishinda?

Ubishi huu hauishi, na kwangu ndio mtamu kuliko wote, kwa sababu ni mwaka mmoja, wachezaji wengi walewale, na njia mbili zinazopingana.

Topps iliajiri wasanii wachore nyuso. Kadi zake zina mikunjo ya ngozi, vivuli chini ya kofia, viwanja vilivyobuniwa nyuma. Ukitazama namba 220, mrushaji Mweusi Satchel Paige, unaona mzee ambaye amesharusha mipira maelfu kabla ya kuruhusiwa kwenye ligi kuu. Msanii alimwelewa, ingawa waliochapa jina walikosea wakaandika "Satchell".

Bowman wao walichukua picha za rangi za kamera na kuondoa kila kitu kingine. Mbele hakuna jina, timu wala nembo, ni picha na pindo jeupe tu. Ni kanga isiyo na jina, na bado inasema. Kadi ya Pee Wee Reese, namba 33, imelala, yaani picha imekaa kwa upana: ameruka hewani, mkono umeshaurusha mpira, mpinzani anateleza kwenye vumbi chini ya miguu yake. Wengi wanaiita kadi nzuri kuliko zote zilizowahi kuchapwa, nami siwapingi. Gharama za rangi zilikuwa kubwa, Bowman ikaishia kadi 160 za rangi, kisha ikatoa nyingine 64 za nyeusi na nyeupe.

Seti nzima naichagua Bowman. Kadi moja moja, Topps.

Kadi za kulala za 1955 na 1956 zinapendwa?

Ya 1956 sana, na nadhani ndiyo seti yenye maadui wachache zaidi. Uso mkubwa upande mmoja, nyuma yake mchezaji huyohuyo akiwa kazini. Kadi ya Jackie Robinson, namba 30, inamwonyesha akiteleza kuingia nyumbani (kituo cha mwisho, mchezaji anapopata pointi) nyuma ya sura yake mwenyewe, na ule ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho. Topps ya 1955 hutafutwa zaidi kwa ajili ya kadi za kwanza za Roberto Clemente na Sandy Koufax.

Bowman ya 1955 ni jambo jingine: picha imewekwa ndani ya televisheni yenye fremu ya mbao. Ama unaipenda au huwezi kuivumilia. Mimi siiwezi.

Na za kuanzia 1957?

Topps ilihamia kwenye picha ya rangi ya kamera na kipimo cha sm 6.4 kwa 8.9 kinachotumika hadi sasa. Kuanzia hapo watu hubishania pindo kuliko mji: la mbao la 1962, jeusi la 1971, la rangi mbili la 1975. Jeusi la 1971 linachubuka kwa kuguswa tu, kila mchubuko unaonekana mweupe, kwa hiyo safi ni chache.

## Wachezaji Weusi

Kwa nini kwenye T206 na Goudey simwoni mchezaji Mweusi?

Kwa sababu ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango, na waliotengeneza kadi waliifuata ligi. Mlango ulifunguka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kabla ya hapo wachezaji wakubwa kama Oscar Charleston na Josh Gibson walicheza maisha yao yote bila kuingizwa kwenye seti hizo kubwa.

Ukiwatafuta, tazama visiwa vya Karibi. Charleston yumo kwenye kadi za sigara za Billiken za Kuba, msimu wa 1923 na 1924. Gibson yumo kwenye seti ya Toleteros ya Puerto Rico ya 1950 na 1951, akiwa ameshafariki. Ni vipicha vya kawaida kwa usanii, lakini kwangu zina uzito ambao Wagner hana.

Kadi ipi ya Robinson inapendwa zaidi kwa mtindo?

Wengi husema ya kampuni ya Leaf, inayoitwa ya 1948 ingawa nyingi zilitoka 1949: uso wake unaotabasamu kwenye njano tupu. Uchapaji wa Leaf ni wa hovyo, rangi mara nyingi hazikukaa mahali pake, na bado kadi ile inang'aa. Wengine huchagua Topps ya 1952, namba 312, jirani wa Mantle. Mimi nimeshataja yangu kwenye kadi za kulala.

## Hali ya kadi na daraja

Bora pembe kali au picha nzuri?

Kampuni kama PSA na SGC hupima kadi kwa daraja la 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Daraja linasaidia, lakini halikwambii kama mji umekaa katikati ya pindo, kama rangi ni hai, au kama uso una mkunjo. Kadi ya daraja 3 iliyokaa katikati vizuri inaweza kuuzwa ghali kuliko ya 4 iliyoenda upande, na ni haki. Mikwaruzo ya nyuma naivumilia. Mkunjo unaopita machoni, hapana.

Nitajuaje kadi imekatwa kingo ili ionekane mpya?

Ipime, kisha iweke juu ya nyingine ya seti ileile. Kingo zilizokatwa upya ni nyeupe na kali mno kwa karatasi ya umri ule. Niliwahi kununua T206 yenye pembe za kupendeza, nikaringa nayo wiki nzima. Nilipoiweka juu ya yule mrushaji wangu wa jua linalozama, ilikuwa fupi kwa unene wa kucha. Aliyeniuzia hakujibu tena.

Usijilaumu sana ikikupata. Wagner maarufu kuliko zote, ambayo mchezaji wa magongo ya barafuni Wayne Gretzky na mmiliki wa timu yake, Bruce McNall, waliinunua dola 451,000 mwaka 1991, ndiyo kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa kadi Bill Mastro, aliyeipitisha mikononi mwake miaka ya 1980, alikiri kwamba alikata kingo zake.

Na nakala za baadaye?

Chukua kioo cha kukuza uangalie maandishi. Kwenye kadi asili herufi huwa wino mtupu. Kwenye nakala nyingi zimevunjika kuwa vitone, kwa sababu ni picha ya picha. Topps yenyewe ilitoa upya seti ya 1952 mwaka 1983, ila kadi hizo ni ndogo kuliko za asili na nyuma zimeandikwa kuwa ni nakala.

## Maswali ya pembezoni

Kadi za ukanda (W) mbona zinadharauliwa?

Ziliuzwa zimeungana, mtoto akazitenganisha kwa mkasi, kwa hiyo kingo zake hazinyooki. Michoro mingi haifanani na mchezaji. Anayezipenda huzipendea hapohapo, kwa mkono wa yule mtoto. Kama unapenda vitu vya ajabu, tafuta pia Mecca za 1911: ukiikunja kadi, mchezaji wa pili anatumia miguu ya yule wa kwanza.

Nimepata kadi ya miaka ya 1950 iliyoandikwa kwa kalamu. Niitupe?

Usiitupe wala usijaribu kufuta. Kwa daraja imeporomoka, na mnunuzi atakupunguzia sana. Lakini soma kwanza kilichoandikwa. Ninayo Topps ya 1956 ambayo mtoto alikata jina la timu kwa mstari mmoja wa wino wa buluu na kuandika timu mpya juu yake, kwa sababu mchezaji alikuwa ameuzwa. Mwandiko unapanda kulia. Alibonyeza kalamu kwa nguvu hata herufi zinahisika kwa kidole upande wa nyuma.